Wimbi Lina Mwenyewe

Katika miji iliyojengwa kandokando ya mto au ya mlango wa bahari huzuka, mapema au baadaye, ugomvi baina ya wenye haraka na wenye vyombo vidogo. Na aghalabu wakuu wa mji, wakitaka kuukata ugomvi huo kwa njia nyepesi, husimamisha ukingoni kibao chenye tarakimu ya mwendo, kisha wakarejea ofisini wakidhani kwamba dhamana waliyopewa wamekwisha kuitimiza. Dai langu ni kwamba kibao hicho kinapima kisichostahili kupimwa. Boti ikipita mbele ya gati haimgusi mama aliyetia mguu mmoja mashuani na wa pili ungali juu ya ngazi, mtoto mgongoni na kapu mkononi. Kimgusacho ni wimbi lililoachwa na boti hiyo, nalo hufika wakati boti yenyewe imekwisha kwenda zake, na nahodha wake hana hata habari kwamba nyuma yake pametokea msiba. Wimbi la kusi na la kaskazi ni la Mola, hapana wa kulidaia fidia; lakini wimbi hili lina mwenyewe, naye namba ya usajili wake imeandikwa ubavuni mwa chombo.

Yafaa kuieleza tabia ya wimbi hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wengi wenye kuliamulia hawajapata kulitazama wakiwa wamekaa usawa wa maji. Chombo chendacho taratibu hukaa sawa, maji yakapasuka mbele na kufungana nyuma bila ya kishindo. Nahodha akiongeza nguvu ya mashine, omo huinuka na tezi huzama, chombo kikawa mithili ya mtu apandaye kilima ambacho yeye mwenyewe anakisukuma mbele. Na hapo ndipo kinapotupa mawimbi makubwa kuliko wakati mwingine wowote. Boti nyepesi yenye mashine kubwa ikizidi kuharakisha hukivuka kilima hicho, ikateleza juu ya uso wa maji, na wimbi lake likapungua. Matokeo yake ni kioja asichokitazamia mtunga sheria akaaye mezani: nahodha aliyekuwa akiruka juu ya maji, akakiona kibao, akapunguza mwendo nusu kwa utii, aweza kuwa ameishusha boti yake papo hapo penye ubaya kuliko pote, hata tarakimu ikatimizwa na ngalawa ikazama. Isitoshe, nguvu ya wimbi haikui sawasawa na kimo chake, maana wimbi lililo mara mbili kwa kimo lina nguvu mara nne. Wala halifuati nyuma ya chombo tu, bali hutawanyika pande mbili kwa umbo la kabari, kila upande kwa nyuzi 19 na nusu hivi katika maji yenye kina, kama alivyobainisha mtaalamu wa Uingereza Lord Kelvin mwaka 1887. Kwa hiyo boti ipitayo katikati ya mto haimkosi wa kulia wala wa kushoto. Kisha ziko kingo. Ufuko wa mchanga hulipokea wimbi ukalimeza, bali ukuta wa mawe hulirudisha lilikotoka. Na mto wa mjini, uliofungwa kuta huku na huku, hulirusha likakutana na la boti ya pili na la tatu, na maji yakadumu kuchafuka muda mrefu baada ya vyombo vyote kupita.

London umeufahamu mto wake kwa gharama. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, meli ya kuchimbia mchanga iitwayo Bowbelle iliigonga boti ya starehe Marchioness, iliyokuwa na watu katika karamu ya siku ya kuzaliwa, karibu na daraja la reli la Cannon Street, na watu 51 wakafa. Wimbi silo lililowaua. Waliuawa na kutoangalia, kwa kuwa hapakuwa, katika chombo hiki wala kile, ulinzi wa macho uliostahili njia nyembamba kama ile. Walakini msiba huo ndio uliowalazimisha Waingereza kukiri kwamba mto unaokatiza katikati ya mji mkuu wao si mapambo ya madirisha ya watu wakubwa, bali ni barabara ya umma yenye kuhitaji nidhamu na uokozi. Na baada ya mashauri marefu, hata yakafikia uchunguzi wa Jaji Clarke, vituo vinne vya boti za uokozi vikafunguliwa mtoni tarehe 2 Januari 2002, huko Teddington, Chiswick, Tower na Gravesend. Mwenye kuhesabu ahesabu: ni zaidi ya miaka 12, katika mji ambao bunge lake lenyewe limejengwa ukingoni mwa maji hayohayo.

Leo Mamlaka ya Bandari ya London imeweka vipimo vinavyojulikana. Juu ya Daraja la Wandsworth chombo hakitakiwi kuzidi maili 8 za baharini kwa saa, ambazo ni kilomita 15 hivi. Na kutoka darajani hapo kuteremka mpaka Margaretness kipimo ni maili 12, kilomita 22, ila kwa vyombo vilivyopewa ruhusa mahsusi ya kwenda kasi katika sehemu zilizotajwa. Tarakimu hizi ndizo wanazozichukua wageni wakarudi nazo makwao, na mimi naziona kuwa ni upande ulio hafifu wa sheria ile. Upande ulio imara ni sharti la jumla, linalomfunga nahodha aende kwa mwendo na kwa namna ambayo mawimbi yake hayatawadhuru wengine waliomo mtoni au waliofungwa kandoni, hata kama mwendo wake haujafikia kikomo. Na lipo jambo la pili, dogo, nalipenda zaidi. Huko Putney, ambako vijana hushindana kwa makasia katika vyombo vyembamba vinavyojaa maji kwa tetemeko dogo tu, walimu huwafuata wanafunzi wao kwa boti za mashine. Na kwa kuwa boti ya kawaida ingewazamisha haohao inaowafundisha, zimeundwa boti nyepesi zenye miili miwili membamba, zinazopita zikaacha maji karibu kama zilivyoyakuta. Boti hizo, zikikubaliwa na Mamlaka, huruhusiwa kuzidi zile maili 8 wakati wa mafunzo. Kwa ruhusa hii London umekiri, pengine bila ya kukusudia, kwamba haikuwa kasi iliyokuwa ikigombwa tangu mwanzo.

Wamarekani nao wamefika hukohuko kwa njia nyingine. Katika mto wa Chicago, mbele ya maghorofa, na katika mifereji ya Florida, amri ya kibao mara nyingi haitaji tarakimu hata kidogo: humwamuru nahodha apite bila ya kuacha wimbi, au apunguze mpaka chombo chake kiwe kimekaa sawasawa majini, omo haikuinuka wala tezi haikuzama. Hiyo ni amri ambayo mvuvi asiye na chombo cha kupimia aweza kuishuhudia kwa macho na kuitolea ushahidi. Na akisababisha hasara, mwenye boti huko huulizwa juu ya wimbi lake kama ambavyo angeulizwa juu ya boti yenyewe.

Sitaki msomaji adhani kwamba sheria ikishaandikwa vizuri kazi imekwisha. Mji wa Venice ni shahidi. Mwaka 1975 wenyeji wake, walipoona mawimbi ya boti za mashine yanatafuna misingi ya nyumba zao, waliingia majini kwa makasia wakaianzisha Vogalonga, safari ya kila mwaka ya vyombo visivyo na mashine. Na katika mifereji ya ndani sheria imewekwa ya kilomita 5 hadi 7 kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye miguu mizima haoni taabu kuushinda akienda mchakamchaka. Sheria ipo, na mawimbi yapo. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli za watalii zenye tani zaidi ya 25,000 zimekatazwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, na dunia ikashangilia. Lakini kumzuia mkubwa mmoja anayeonekana na kila mtu ni rahisi kuliko kuwatia adabu wadogo elfu, kila mmoja wao akiamini kwamba wimbi lake pekee halina uzito.

Nije kwetu. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam, pale Kivukoni, ni mwembamba, na katika upana huohuo hupita meli za shehena zikiongozwa na marubani, pantoni za Kigamboni zilizojaa watu na magari, boti za abiria ziendazo Unguja, na mashua na ngalawa za wavuvi wanaoleta samaki Feri. Huko Lamu, ambako mji mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, abiria ashukaye uwanja wa ndege wa Manda na yule atokaye bara kupitia Mokowe wote hawana budi kuvuka maji. Na boti za mashine zinazowavusha hufunga mbele ya mji uleule ambao mashua na madau hulala ubavu kwa ubavu, watoto wakiogelea baina yake. Mto wa London una kuta, na mbele ya miji yetu hii pana kuta. Maji yanayojaa na kupwa yako kule, yako na huku. Tofauti kubwa ni kwamba huku chombo kidogo si cha michezo. Ni riziki ya mtu.

Hapa sina budi kutaja sheria ya bahari, maana wapo watakaodai kwamba mambo haya yamekwisha kuamuliwa. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 6, humtaka kila nahodha aende kwa mwendo wa salama, akizingatia uwezo wake wa kuona, wingi wa vyombo, hali ya bahari na kina cha maji. Wala hazikutaja tarakimu, jambo ambalo ni la hekima. Kanuni ya 9 inasema kwamba katika njia nyembamba chombo kisichofikia urefu wa mita 20, na chombo cha tanga, kisikizuie kile ambacho hakiwezi kupita salama ila katika njia hiyo. Mdogo, basi, amekwisha kutwishwa wajibu wake: apishe. Ajitenge kando, karibu na ukuta, mahali ambapo wimbi hupiga kwa ukali wa mara mbili, likienda na likirudi. Ni insafu gani itakayomtaka mnyonge ajibanze ukutani kwa heshima ya mkubwa, kisha isimtake mkubwa apite kwa namna ambayo haitamvunja pale alipojibanza?

Wenye boti watajibu kwamba wakati ni fedha kwao, na kwamba abiria wao hawalipi nauli ili wachelewe. Hoja hii haina mizani. Kilomita moja mbele ya mji, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, hupitwa kwa dakika 2. Kwa kilomita 9, kwa dakika 6 na sekunde 40. Hasara yote haifiki dakika 5, nao ni muda ambao abiria huupoteza gatini bila ya kunung'unika akisubiri mizigo ipangwe. Watajibu tena kwamba bahari ina mawimbi makubwa kuliko yao, na mvuvi amekwisha kuyazoea. Naam, ameyazoea yale yajayo na dalili: huutazama upepo, huyajua majira, akafunga chombo chake kwa hadhari inayostahili. Wimbi la boti huja katika maji yaliyotulia, siku ya jua, amari ikiwa imelegezwa na samaki wanashushwa.

Kuhusu boti za polisi, za uokozi na za wagonjwa, udhuru wake hauhitaji maelezo. Boti ya mheshimiwa anayekwenda kufungua mkutano sioni kwamba imo katika hesabu hiyo.

Linalotakiwa si kubwa kwa gharama. Maboya mawili yaonyeshe mahali amri inapoanzia na inapokomea. Amri yenyewe itaje wimbi, imlazimu nahodha aukalishe mkuku sawa majini toka boya la kwanza hata la pili. Na mtu mmoja awepo gatini kila siku, mwenye madaraka ya kuandika namba ya chombo na kutoza faini kwa ushahidi wa macho yake na wa waliokuwepo. Bila ya mtu huyo yote haya ni rangi juu ya ubao. Mashirika yenye wajibu wa usalama wa vyombo vya majini yapo tayari, TASAC kwa Tanzania na KMA kwa Kenya, na mabaharia wetu wa zamani, waliokwisha kuacha safari lakini hawajaacha kuyasoma maji, wanakaa barazani mchana kutwa bila ya kazi. Sioni ni nani angefaa zaidi kuliko wao kwa daraka hilo.

Basi nawaomba wenye amri ya Kivukoni na wenye amri ya Lamu: kabla hamjaandika tarakimu yoyote juu ya kibao, mtumeni mmoja wenu akakae ngalawani kando ya gati, asubuhi moja tu, boti zikipita, kisha msikilizeni atakaporudi.