Toba Ifike Uani kwa Jirani

NENO KUTOKA MILIMANI
Na Samweli Ntiruka

Babu yangu alihamisha mpaka wa shamba usiku. Hakwenda mbali, hatua tatu tu, upande wa bondeni ambako udongo ni mweusi na maharage hukubali. Aling'oa minyaa ya mpaka, akaipanda upya ndani ya shamba la jirani, na mvua za kwanza zikafuta alama za jembe. Jirani alikuwa safarini. Aliporudi aliona, akanyamaza, kwa kuwa hakuwa na shahidi.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, inamtaja mtu wa namna hiyo kati ya waliolaaniwa. Babu alikuwa akiisikia sura hiyo kanisani, na bado akavuna misimu kadhaa kwenye hatua zile tatu.

Kisha akaokoka. Asubuhi iliyofuata alichukua jembe, akaenda kusimama uani kwa jirani na kusema, "Mpaka niliuhamisha mimi." Jirani alikaa kimya kwa muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na jembe lake. Wakaing'oa minyaa pamoja na kuirudisha ilipokuwa. Baada ya mavuno babu akampelekea maharage, kufidia misimu yote aliyovuna pasipo pake.

Uamsho uliomshika babu una historia inayojulikana. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulienea Rwanda, Uganda na Burundi, ukavuka hadi Tanganyika na kutufikia sisi Waha. Walokole, yaani watu wa Uamsho huo, walikuwa na kasoro zao. Wengine walijiona safi kuliko wenzao, na makanisa yakaingia mivutano. Lakini neno moja walilishika vizuri, nalo ni kutembea nuruni. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyemdanganya mwajiri alimfuata akamwambia. Kijiji kilijua kwamba fulani ametubu kwa sababu kitu cha mtu kimerudi nyumbani.

Leo, hapa Murungu na kote Kibondo na Kasulu, makanisa hayapungukiwi watu wanaokwenda mbele kuombewa. Machozi yapo, na sina sababu ya kuyatilia shaka. Ninachouliza ni hiki: baada ya ibada, miguu inaelekea wapi?

Nauliza kwa sababu ya kamchape, yaani msako wa wachawi. Vijiji vya mkoa wetu wa Kigoma vinajua namna jambo hili linavyokwenda. Watu huchanga fedha, waganga huitwa, ua huchimbwa, vibuyu na pembe hutolewa, kisha mtu hutajwa. Mara nyingi ni mzee. Mifugo yake huchukuliwa, nyumba yake hubomolewa au kuchomwa, na yeye hukimbia na nguo alizovaa. Wapo waliopoteza maisha. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inaweza kumtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na viongozi wa serikali wamewakataza waganga hao mara kwa mara. Sheria itamkamata mganga siku ikimpata. Lakini mbuzi wa yule mzee alichinjwa, na nyama ya mbuzi haiwezi kuliwa na mganga peke yake.

Aliyechanga elfu mbili ana sehemu yake. Aliyeezeka banda kwa mabati ya mzee ana sehemu yake. Mchungaji, padri au katekista aliyejua siku ya waganga kufika, naye akahubiri habari nyingine, ana sehemu yake. Na mimi mwandishi, nikiandika leo tu na kunyamaza kesho uvumi utakapoanza, nitakuwa na yangu.

Dhambi ya namna hii haiishi siku inapotendwa. Mzee hufia kwenye chumba cha kuazimwa. Mjukuu aliyekuwa akisomeshwa kwa mbuzi wale huacha shule. Vijana waliobeba mabati hujifunza kwamba wizi wa watu wengi si wizi. Daudi alipokiri mbele ya nabii Nathani alisamehewa, lakini Uria hakufufuka, na upanga haukuondoka nyumbani kwa mfalme. Msamaha wa Mungu ni wa kweli, na kaburi nalo ni la kweli.

Najua nitakachoambiwa: wokovu ni wa neema, haununuliwi kwa madebe ya maharage. Ni kweli kabisa. Kwa babu neema ilitangulia, jembe likafuata. Zakayo vilevile: Yesu aliingia kwanza nyumbani kwake, ndipo yeye akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Torati ilidai mali yote irudi pamoja na sehemu ya tano juu yake. Naye Bwana, katika Mathayo sura ya 5, alimwagiza mwenye sadaka aiache pale madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake.

Majirani zetu wa Rwanda, nchi ya Uamsho ule ule, walilijua hili kwa uchungu baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilimtaka anayekiri aseme alifanya nini, akiwa na nani, na miili iko wapi. Aliyepora alitakiwa kulipa. Zililaumiwa kwa mengi, na wengi hawakulipwa. Hata hivyo wapo wajane waliopata kuwazika waume zao kwa sababu mtu alisimama akaonyesha shimo.

Basi naomba jambo dogo. Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya ndogondogo wakae, wataje kwa majina waliofukuzwa katika vijiji vyao, na wapange siku. Siku hiyo mabati yarudi, thamani ya mifugo ilipwe na nyongeza juu yake, na mzee asindikizwe hadi kwake na watu wale wale waliomtoa. Aseme mmoja, mbele ya wote, "Tulikudhulumu." Kama mzee amekwisha kufariki, waende kwa watoto wake.

Babu na jirani yake wote wamelala. Minyaa ile sasa ni mirefu kuliko paa la nyumba. Watoto na wajukuu wa pande zote mbili wanalima pale hadi leo, na hakuna aliyewahi kumpeleka mwenzake baraza la ardhi.