Mzigo Kumfikia Mteja Siyo Mwisho wa Biashara



Leo nina maoni ambayo najua wengine hamtayapenda. Sisi tunaouza mtandaoni, wengi wetu hela tunaipoteza baada ya kuuza, siyo kabla. Tunakesha kutafuta wateja wapya, halafu yule aliyeshalipa akirudi na swali tunamwona msumbufu.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nauza ndala za ngozi za kushona kwa mkono. Dada mmoja alinunua jozi kwangu, akazisifia weee! Baada ya miezi miwili akaniandikia kwamba kamba ya mguu wa kulia imelegea, afanyeje? Nikasoma, nikapiga kimya. Moyoni nikasema, huyu si nilishamalizana naye? Kumbe yule dada anafanya kazi hotelini, anasimama kutwa nzima, na wenzake walikuwa wanasubiri waone ndala zake zitadumu vipi ndipo na wao waagize. Hakuna hata mmoja aliyeagiza. Na kukaza ile kamba kungenichukua dakika kumi tu.

Somo hili nilikuja kulielewa vizuri niliposoma habari za mafundi wa Miraj, mji ulioko jimbo la Maharashtra, India. Koo za mafundi hawa zamani zilikuwa za wahunzi wa mapanga na silaha. Karne ya 19, soko la silaha lilipopungua, wakahamia kwenye ala za muziki. Leo Miraj inajulikana kwa sitar na tanpura wanazotumia wanamuziki wenyewe wa kazi.

Kwa asiyezijua: sitar ndiyo inayopiga wimbo. Tanpura haipigi wimbo. Kwa kawaida ina nyuzi 4, na kazi yake ni kuvuma muda wote ili mwimbaji asipoteze sauti yake ya msingi. Tumbo la ala hizi ni kibuyu kikavu kabisa, kama hivi vibuyu vyetu ila kikubwa. Shingo ni ya mbao.

Sasa hapa naomba utulie usome. Juu ya tumbo kuna kidaraja kipana ambacho nyuzi hupita juu yake. Fundi anakisugua kwa tupa, kidogo kidogo, anapiga uzi, anasikiliza, anasugua tena, mpaka utoke ule mvumo wenyewe. Kazi hiyo inaitwa jawari. Rula haisaidii hapo, ni sikio. Kuna mwanamuziki anataka mvumo mkali, mwingine anataka uliotulia, na fundi lazima ajue anamtengenezea nani.

Halafu ala ikipigwa sana, nyuzi zinachimba vijistari kwenye kile kidaraja na sauti inaharibika. Haina maana kwamba fundi alikosea. Ndivyo chombo kilivyo. Kwa hiyo mwanamuziki anarudi kwa fundi, jawari inafanywa upya, fundi analipwa, na siku akitaka ala nyingine anajua pa kwenda. Chombo kimoja kinamrudisha mteja mmoja miaka na miaka.

Mwaka 2024 sitar na tanpura za Miraj zilipata alama ya kijiografia, yaani ulinzi wa kisheria ili wa kwingine wasitumie jina la Miraj kwenye ala zao. Ni jambo zuri sana. Lakini cheti hakisugui kidaraja. Jina linamleta mteja mara ya kwanza, na kinachomrudisha ni mkono na sikio la fundi. Sisi tunahangaika na logo na picha kali, wakati meseji ya mteja wa mwezi uliopita imelala kwenye inboksi.

Najua utaniambia: "Wenzetu wanauza vitu vya bei kubwa, mimi nauza vya elfu kumi na tano, nikianza kurekebisha bure si nitafunga duka?" Kweli kabisa, na wala sijasema bure. Jawari inalipiwa. Tatizo letu ni kwamba hiyo huduma hatuna kabisa, si ya bure wala ya hela.

Mimi sasa hivi nafanya mambo matatu:

1. Nauliza kabla ya kushona. Fundi wa sitar anamuuliza mwanamuziki anapiga mtindo gani, kwa sababu wanaofuata mtindo wa Ravi Shankar wanataka nyuzi za besi na wanaofuata wa Vilayat Khan hawazitaki. Mimi nauliza: kazini unasimama au unakaa? Unatembea kwenye vumbi au kwenye marumaru?

2. Nasema ukweli mapema. Ngozi inalegea. Namwambia mteja siku ya kununua kwamba baada ya miezi kadhaa kamba itahitaji kukazwa, na akiniletea nitaikaza. Akiona imelegea haniiti tapeli.

3. Nimeweka bei ya marekebisho kwenye ukurasa wangu. Kukaza mara ya kwanza bure, baada ya hapo ni bei ndogo inayojulikana, na nauli ya bodaboda ni ya mteja. Hakuna kubishana.

Yule dada nilimtafuta baadaye, nikamwomba radhi, nikamwambia alete nimkazie. Alisoma, hakujibu. Ni haki yake, mimi ndiye niliyeanza kumnyamazia.

Kwa hiyo leo, kabla hujaposti mzigo mpya, pitia meseji za wateja wako wa miezi mitatu iliyopita. Nani uliacha kumjibu? Mjibu leo hii.

Na wewe, bidhaa yako huwa inahitaji nini baada ya kutumika kwa muda? Niandikie kwenye komenti, tujadiliane bei ya kuweka.