Apostrofi moja isimnyime mama unga



Kila mara msaada unapogawiwa, simu yangu hailali. Watu wananiuliza swali lile lile: "Mwandishi, tuliandikishwa, jetoni tunayo, lakini leo wanasema jina letu halimo katika listi. Nani alilifuta?" Wengine wanamshtaki mkubwa wa kambi. Wengine wanasema kuna mtu aliyekula kitu. Siwezi kuapa kwamba hayo hayatokei. Lakini leo nataka tumtazame mshtakiwa mwingine, ambaye hana mikono wala mfuko: alama chache zinazoandikwa ndani ya ordinatere ili zikubali majina fulani na kukataa mengine.

Maoni yangu nayasema mapema, ili hata atakayezima redio sasa hivi awe ameyasikia. Listi yoyote iliyochungwa na ordinatere isitumike kabla ya mtu kuangalia majina yaliyokataliwa, jina kwa jina, pamoja na watu wa kwetu wanaojua majina yetu.

Siku moja nilikuwa nimekaa kando ya kijana aliyekuwa anaandikisha familia zilizokimbia vita. Akafika mama mmoja kutoka Kalehe, mtoto mgongoni. Jina lake linaanza na herufi M kisha apostrofi, kama majina mengi ya Bushi. Kijana akaandika, mashine ikaonyesha rangi nyekundu: jina si sahihi. Akaandika tena. Nyekundu. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto wangu, hilo ndilo jina baba yangu alinipa." Kijana akaona haya, akaondoa apostrofi, mashine ikakubali. Sote tukafurahi.

Hatukujua kwamba tumepanda shida. Nyuma ya wiki tatu, listi ile ililinganishwa na nyingine iliyoandikwa kwa kufuata karata za mchaguzi. Kule apostrofi ilikuwepo. Ordinatere ikaona watu wawili tofauti, na yule wa listi yetu ikamhesabu kuwa hajulikani. Siku ya kugawa unga, mama yule alirudi na gunia tupu, na nyumbani walikuwa watu sita.

Hakuna aliyemchukia mama yule. Kijana alikuwa mwema. Mashine ilifanya kazi iliyoambiwa. Shida ilikuwa katika amri yenyewe.

Nieleze kidogo. Fikirini mama anayechunga unga wa muhogo. Kichungio hakijui unga mzuri wala mbaya. Kinajua ukubwa wa matundu yake tu. Kinachopita kimepita, kinachobaki juu kinatupwa. Katika ordinatere kuna kichungio cha namna hiyo, lakini matundu yake ni herufi na alama. Wanafunzi wetu wa informatike wanakiita regeksi. Si kitu kipya. Msingi wake uliwekwa na mtaalamu wa hesabu Mmarekani, Stephen Kleene, katika miaka ya 1950, na mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha namna ya kukitumia kutafuta maneno ndani ya maandishi. Leo kiko karibu kila mahali mtu anapojaza jina, namba ya simu au tarehe.

Namna kinavyofanya kazi si uchawi. Ukiandika mabano ya pembe na ndani yake A-Z, hivi: [A-Z], umesema: kubali herufi moja yoyote kutoka A mpaka Z. Ukitia alama ya kofia mwanzoni ndani ya mabano, hivi: [^A-Z], maana inageuka: kubali kitu chochote ambacho si herufi hizo. Kofia hiyo ikikaa nje, mwanzoni kabisa, inamaanisha "anzia hapa", na alama ya dola inamaanisha "ishia hapa". Alama ya kujumlisha inamaanisha "moja au zaidi". Basi mtu akiandika ^[A-Z]+$ amesema: tangu mwanzo mpaka mwisho, nataka herufi kubwa za A mpaka Z tu, kitu kingine hapana.

Sasa tupitishe majina yetu hapo, yakiwa yameandikwa yote kwa herufi kubwa. Kasereka anapita. Furaha anapita. Aimée hapiti, kwa sababu ya alama iliyo juu ya e. Noëlla hapiti. Jean-Pierre hapiti, kwa sababu ya kistari. Mama wa Kalehe hapiti, kwa sababu ya apostrofi. Na mtu yeyote aliyeandika majina yake mawili katika kisanduku kimoja hapiti, kwa sababu nafasi kati ya maneno si herufi. Aliyeandika amri hiyo labda alikuwa anafikiria majina ya kwao tu. Kwake Kalehe haikuwepo.

Kurekebisha ni kazi ya dakika chache: unaongeza ndani ya mabano herufi zenye alama, kistari, nafasi na apostrofi. Lakini hata hapo kuna mtego. Apostrofi ziko mbili: iliyonyooka na iliyopinda. Simu nyingine inaandika hii, nyingine inaandika ile. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, kwa mashine ni alama mbili tofauti. Asiyejua hilo atasema ametengeneza, na bado watu watakataliwa.

Shida ya pili ni namna tunavyoandika. Sisi Wakongomani tulijifunza kuandika kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu za nyumbani, zote pamoja. Paroko aliandika hivi kwenye karata ya ubatizo, mwalimu aliandika vile kwenye cheti cha shule, na mwandikishaji wa uchaguzi akasikia kivyake. Muamba na Mwamba ni jina moja. Cibalonza, Chibalonza na Tshibalonza ni jina moja. Kahindo na Kaindo, vivyo hivyo. Na karata ya mchaguzi, ambayo kwetu ndiyo karata ya kujitambulisha kila mahali, si dawa ya yote: nyingi kati ya zile zilizotolewa mwaka 2023 wino wake ulififia mpaka jina halisomeki.

Hapa ndipo kichungio kinaweza kuwa rafiki yetu. Ukiandika M[uw]amba, kinapata Muamba na Mwamba. Ukiandika Kah?indo, ile alama ya kuuliza inasema "h inaweza kuwepo au kukosekana", na Kahindo na Kaindo wote wanapatikana. Ukiandika (C|Ch|Tsh)ibalonza, umekusanya ndugu watatu chini ya hema moja. Kifaa kile kile kilichomfukuza mama wa Kalehe kingeweza kumtafuta na kumrudisha. Kinachokosekana ni mtu anayejua kwamba majina haya ni mamoja, na mtu huyo yuko hapa hapa kwetu.

Shida ya tatu ni ya kuondoa. Tuseme mtu anataka kuondoa katika listi ya wakimbizi wa ndani wale wote wakaaji wa Goma. Anaamuru: ondoa kila mstari wenye neno "goma", herufi kubwa au ndogo. Ordinatere inatii. Inaondoa wakaaji wa Goma, na pamoja nao inaondoa kila mtu anayeitwa Ngoma, kwa sababu ndani ya Ngoma kuna goma. Inaondoa pia familia iliyoandikwa kwamba inalala katika kambi iliyo karibu na Goma, hata kama imetoka Masisi. Dawa ipo: unaiambia itafute neno zima, si kipande cha neno, na itafute katika safu ya makao, si katika mstari wote. Lakini anayefanya haraka hafikirii Ngoma mpaka Ngoma aje kulia mlangoni.

Msidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 1996 wakaaji wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walishindwa kujiandikisha katika kampuni kubwa ya intaneti, AOL, kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi zinazofuatana na kuwa tusi la Kiingereza. Kichungio cha matusi kilizuia mji mzima. Wao walikosa huduma ya intaneti. Kwetu anayekosa anakosa chakula cha watoto.

Najua kuna watakaonijibu. Watasema: mwandishi, kuna watu wanaojiandikisha mara mbili, mara tatu, kwa majina yaliyobadilishwa herufi moja. Ni kweli, na nimewaona. Kila gunia la pili kwa mtu mmoja ni gunia linalopungua kwa mwingine. Watasema pia kwamba kichungio kikilegezwa sana kitachanganya watu. Hilo nalo ni kweli. Ukiandika Ka.* umesema "jina lolote linaloanza na Ka", na umeshika Kambale, Kasereka, Kavira, Katembo na Kahindo kwa pamoja. Kwa ndugu zetu Wanande, majina mengi yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo katika kijiji kimoja akina Kambale wanaweza kuwa wengi sana, na watoto wa baba mmoja wana majina tofauti. Anayefuta majina yanayofanana akidhani ni wizi, anafuta familia za watu. Anayetaka watoto wote wawe na jina la baba, anawafuta watoto.

Kwa hiyo siombi kichungio kilegezwe bila akili. Ninasema jina peke yake lisitoshe kumhukumu mtu. Liwekwe pamoja na mwaka wa kuzaliwa, kijiji alikotoka na hesabu ya watu wa nyumba yake. Na pale ordinatere inaposita, isifute. Iweke jina kando ili mtu aliangalie.

Jambo hili ni la haraka. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma, kama Bulengo na Kanyaruchinya, zilibaki tupu kwa muda mfupi. Familia zilisambaa, nyingine zikarudi Masisi na Rutshuru, nyingine zikaingia kwa jamaa. Listi za zamani hazikuwafuata. Kila wanapofika wanaandikishwa upya, na mkono mpya, na tahajia mpya. Nchi yetu haijahesabu wakaaji wake wote tangu mwaka 1984, basi hakuna daftari kubwa la kurudia ili kukata shauri. Listi hizi ndogo ndizo tulizo nazo. Zikikosa, hakuna pa kwenda kuuliza.

Kwa wale wanaotengeneza listi, ninaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuanza, chukueni majina hamsini ya hapa: ya Bushi, ya Wanande, ya Wahunde, ya Wahutu na Watutsi, ya Warega, pamoja na majina ya ubatizo yenye alama za Kifaransa. Yapitisheni katika kichungio chenu. Likikataliwa hata moja, kosa ni la kichungio, si la jina. Pili, kila aliyeandikishwa aonyeshwe au asomewe herufi kwa herufi namna jina lake lilivyoandikwa, kabla hajaondoka. Tatu, listi ya waliokataliwa ikaguliwe siku kadhaa kabla ya kugawa, na kamati yenye wanawake na wazee wa kila upande. Majina yasibandikwe ukutani wala kusomwa redioni, maana kuna wanaotafutwa na watu wabaya. Namba za jetoni zinatosha.

Na ninyi familia, msikae mkingoje. Chagueni tahajia moja ya jina lenu, ile iliyo kwenye karata, na muitumie kila mahali. Iandikeni kwenye karatasi na muifunge katika plastiki pamoja na jetoni. Asiyejua kusoma ampe mwandikishaji karatasi hiyo ainakili, asitegemee sikio. Mkiambiwa "jina halimo", msiondoke na hasira peke yake. Ombeni watafute kwa tahajia nyingine: na ch, na tsh, bila apostrofi, bila h. Mara nyingi mtajikuta mmo humo ndani.

Mama wa Kalehe alipata unga wake mwishowe. Aliupata kwa sababu mzee mmoja wa kwao alikuwa pale, akasema, "Huyu na huyu ni mtu mmoja, ninamjua baba yake." Sentensi moja ya mzee ilifanya kile ambacho mashine ilishindwa. Ninachoomba ni kwamba mzee huyo awekewe kiti mezani kabla ya listi kufungwa, si baada ya watoto kulala njaa.

Amani kwenu nyote, popote mlipolala usiku huu.