Kumaliza viboko si mila

Kuna maneno tunayoyasikia kila mara, sokoni na hata katika chumba cha walimu: «Wazee wetu walikula nyama ya kiboko, ni mila yetu. Mambo ya kulinda wanyama ni ya Wazungu.» Sisi tunajibu bila kuficha: huo ni uongo, tena uongo unaojivika nguo za mababu.

Ni kweli, wazee walikula kiboko, hatukatai. Lakini walimwinda namna gani? Kwa mkuki na mtumbwi, watu wengi kwa mnyama mmoja, na mwindaji mwenyewe alijua anaweza kufa. Kwa njia hiyo, nani angeweza kumaliza kundi zima?

Sasa tuangalie hesabu. Katika miaka ya 1970, mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29 000. Katika mwaka 2005 hawakufika hata 1 000. Ni mkuki gani ulifanya kazi hiyo? Hapana, ni bunduki za vita. Hasa tangu miaka ya 1990, askari na waasi, kila mmoja kwa zamu yake, waliwapiga risasi ndani ya mito Rutshuru, Rwindi na Semliki, na kando ya ziwa Édouard. Nyama iliuzwa sokoni, meno yakauzwa sawa pembe za ndovu. Na siye raia tulinunua. Njo maana tunapenda neno «mila»: linatusaidia kusahau sahani yetu.

Mvuvi wa Vitshumbi au Kyavinyonge anajua hasara yake. Usiku kiboko anapanda kula majani inchi kavu. Mchana anarudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo yanalisha vijimea na vidudu vya maji, navyo vinalisha samaki. Samaki wanalisha mwari, tai na watoto wetu. Hatusemi kwamba kiboko peke yake ndiye sababu ya nyavu kurudi bure. Nyavu za macho madogo nazo zinakamata samaki wachanga. Lakini anayeua kiboko anapunguza chakula cha tilapia, kisha analalamika kwamba tilapia imekuwa ghali.

Na wale wanaosema ni mambo ya Wazungu, wakumbuke ngozi ya mnyama huyu ilitumiwa kufanya nini. Wakati wa ukoloni, fimbo iliyopiga mababu wetu ilikatwa katika ngozi ya kiboko. Ndiyo, mbuga iliundwa na Wabelgiji mwaka 1925, na watu walipoteza mashamba yao. Malalamiko hayo ni ya haki. Mvuvi aliyepinduliwa mtumbwi, mama aliyekanyagiwa shamba, nao wako na haki ya kusikilizwa na kusaidiwa. Lakini madai hayo yapelekwe mbele ya wakubwa, yasilipwe kwa risasi mtoni.

Baadaye viboko walianza kuongezeka polepole, ila bado ni wachache sana kwa yale makundi ya zamani. Basi, wazazi na walimu wenzetu, tuache kununua nyama hiyo, na tuwaambie wanafunzi ukweli. Mila ya mababu ilituachia mto wenye viboko. Siye tutawaachia wajukuu nini, jina la mnyama tu?