Rais Aliyeapa Si Mfalme Aliyepakwa Mafuta

Marekani inapofanya uchaguzi, mahubiri ya ajabu husikika huko, nayo hayachelewi kufika kwenye mimbari zetu. Wapo wahubiri wanaodai kwamba rais fulani ni Koreshi wa leo, mpakwa mafuta wa Bwana, na kwamba anayempinga anampinga Mungu. Mtu akihoji, hufunguliwa Warumi 13 na kuambiwa anyamaze.

Sisi tunasema hapana. Hatusemi hivyo kwa kumpenda wala kumchukia rais yeyote. Mahubiri hayo yanapotosha Maandiko, na yanapotosha pia Katiba ya Marekani yenyewe.

Tuanze na swali wanalolikwepa: huko Marekani, mwenye mamlaka ni nani? Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 haikumkabidhi mtu mmoja nchi nzima. Ibara yake ya kwanza inahusu Bunge, si rais. Bunge ndilo hutunga sheria, huidhinisha fedha na lina uwezo wa kutangaza vita. Rais ni amiri jeshi mkuu, na huteua mawaziri na majaji, lakini Seneti lazima iwathibitishe. Anaweza kuukataa muswada kwa kura ya turufu, lakini theluthi mbili ya kila baraza wakishikilia, unakuwa sheria bila yeye. Tena siku ya kuapishwa haapi kujilinda mwenyewe wala chama chake; huapa kuilinda Katiba. Basi rais akiivunja, na raia wakamzuia kwa njia ya sheria, raia hao hawajaasi mamlaka. Aliyeasi ni yeye.

Mwaka 1952, wakati wa Vita vya Korea, Rais Truman alitwaa viwanda vya chuma ili mgomo usizuie uzalishaji. Mahakama ya Juu ikaamua hana uwezo huo, naye akavirudisha. Mwaka 1974 mahakama hiyohiyo ilimwamuru Nixon atoe kanda za mazungumzo yake. Hazikupita wiki tatu, akajiuzulu. Je, Mungu alishindwa siku hizo? Hasha! Naye hutawala kwa kupitia majaji.

Na huyo Koreshi je? Isaya anamtaja kama chombo mkononi mwa Mungu, na palepale anaeleza kwamba hakumjua Mungu huyo. Anayetafuta mfano wa mtawala asome Kumbukumbu la Torati 17, ambapo mfalme anaagizwa ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma maisha yake yote, asije akajiona mkubwa kuliko ndugu zake. Sisi Walutheri tunakiri kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Kuingia Ikulu hakumwondolei mtu dhambi.

Lakini tusidhani maandishi peke yake yanatosha. Mwaka 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri nambari 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani, wakaondolewa makwao na kufungiwa makambini. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikahalalisha kuondolewa huko. Katiba ilikuwapo na mahakama ilikuwapo. Waliopungua ni watu wa kusimama kama Nathani mbele ya Daudi. Kanisa linalomshangilia rais kama masihi haliwezi kuwa Nathani.

Nasi tutubu, maana tumewahi kuwaombea marais wa huko kama washangiliaji uwanjani. Paulo alimwagiza Timotheo kwamba wenye mamlaka waombewe, na anayeombewa ni mhitaji. Tumwombee rais wa Marekani, awe wa chama chochote, apate hekima. Na akipotoka, azuiwe. Asiyeweza kuitikia "Amina" kwa ombi hilo la pili, ajiulize anamwabudu nani.