Mutu hapimwi kwenye mizani ya zahabu

Tutasema bila kuzunguka. Hapa kwetu Urega, toka Mwenga mpaka Shabunda na Pangi, uliza kijana anaishi juu ya nini. Atajibu: juu ya feza. Muulize tena, feza ni ya kufanya nini? Hapo ananyamaza. Ule ukimya ndio ugonjwa tunaotaka kuzungumuzia. Mutu anaweza kula vizuri, kuvaa vizuri, kununua pikipiki mupya, na roho yake ikabaki tupu kama debe.

Wengine watasema: walimu nao! Kijana iko na njaa, nyinyi munamuletea hadisi za mababu. Tunawajibu hivi. Njaa tunaijua, juu mushahara wetu mara nyingi unatoka katika mufuko wa muzazi ambaye naye hana kitu. Hatusemi feza ni mbaya. Tunasema feza ni chombo, haiwezi kuwa sababu ya kuishi. Tuangalie historia yetu wenyewe. Zahabu ya Kamituga ilichimbwa na MGL wakati wa Wabeleji, kisha na SOMINKI iliyoanzishwa mwaka 1976. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, vijana wakaacha shule wakaingia pori. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na waliorudi mikono mitupu tunawajua. Mwezi wa Septemba 2020 mvua kubwa iliingiza maji katika mashimo ya zahabu Kamituga, na vijana wengi wakafia chini ya udongo. Kama zahabu peke yake ingetosha kumupa mutu maisha mazuri, Kamituga ingekuwa paradizo siku nyingi.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao: Bwami. Mutu aliingia chini, akapanda ngazi moja moja, kongabulumbu, ngandu, yananio, mpaka kindi. Ilikuwa kazi ya maisha yote. Hakukuwa umri wa kusema: basi, mimi nimemaliza, nangojea kufa. Muzee wa mvi alikuwa angali mwanafunzi. Na kila ngazi ilikuwa na masomo yake: kisanamu cha pembe ya tembo, kinyago kidogo cha ndevu, ganda la konokono, magamba ya munyama. Kitu kinaonyeshwa, methali inaimbwa, watu wanacheza, na fundisho linaingia katika mwili. Kakakuona, yule tunayemuita ikaga, alisifiwa kuwa aliwafundisha watu kuezeka nyumba, sababu magamba yake yanalaliana kama majani ya paa. Jani moja halizuii mvua. Ni kufunikana ndiko kunafanya nyumba.

Tunasikia tayari neno la wapinzani: Bwami ilikuwa ya matajiri, ilidai mali nyingi. Ni kweli ilidai mali: musanga, mbuzi, vyakula. Lakini mali ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa wajomba, kwa wakwe, kwa wandugu. Mutu mwenye matusi, mwenye kiburi, asiyegawa nyama yake, nani angemuchangia? Na vitu vile havikufungiwa ndani ya sanduku, viligawiwa. Tena mwanaume hakufika juu peke yake: muke wake naye alikuwa na ngazi zake, bombwa, bulonda, bunyamwa, wakapanda pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapo ndipo tunaona maana ya maisha kwa wazee: kuwa mutu ambaye wengine wanakubali kumubeba, halafu na wewe unawabeba.

Serikali ya Wabeleji ilikataza Bwami mwaka 1948. Leo sanamu zetu ziko Tervuren na katika nyumba zingine za makumbusho, na wageni wanalipa ili wazione. Muzungu mmoja musomi, Daniel Biebuyck, alikaa na wazee wetu miaka ya 1950, akatoa mwaka 1973 kitabu kizima juu ya utamaduni wa Balega. Yeye aliona hapo falsafa. Na sisi? Kuna wahubiri wanaopita vijijini kusema eti vyote ni pepo, vichomwe. Tunawauliza kwa heshima: munachoma kinyago, munaweka nini pahali pake? Ahadi ya gari na visa? Kumuabudu Mungu hakukatazi mutu kujua babu yake alifundisha nini.

Lakini walio wabaya zaidi ni wale wa upande wetu. Wanamuvalisha kofia ya mwami mutu wa siasa aliyefika jana na bahasha ya feza. Wanamupigia ngoma, wanapiga picha, wanakula, basi. Ngazi iliyodai miaka ya tabia njema inauzwa kwa kreti za bia. Hao wanamufundisha kijana somo lilelile la machimbo: kila kitu kinanunuliwa. Wahubiri wanachoma mti. Hao wanachoma maana.

Basi tunadai nini? Mambo matatu tu. Moja, wakati wa likizo kubwa, kila kijiji kipange siku za wazee kuwaeleza vijana, wasichana na wavulana, yale mafundisho yasiyo siri. Mbili, heshima za mila zisitolewe kwa mugeni wa siku moja. Tatu, kijana anayechimba asizarauliwe. Aulizwe tu, kila anapopata gramu: nani atakula nawe, nani atasoma juu yako, nani atakulilia? Akiwa na majina ya kujibu, yule ameanza kupanda. Akikosa hata jina moja, hata apate kilo nzima, angali chini ya shimo.