Damu Yetu Inapimwa kwa Ajili ya Wengine. Lini Itapimwa kwa Ajili Yetu?

Vijana wenzangu wa Lodwar, Kakuma, Kalobeyei na kwingineko!

Leo tusidanganyane kuhusu homa ya ini aina ya B, hepataitisi B. Ugonjwa huu hauna kelele. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka 20 au 30, anafanya kazi, anaoa, anazaa, na hajui. Siku moja tumbo linajaa maji, macho yanageuka manjano, watu wanaanza kusema amerogwa. Kumbe ini limeoza zamani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na virusi hivi, na karibu milioni 65 kati yao wako Afrika. Katika kila maambukizi mapya 100, 63 yalitokea kwetu Afrika. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba hili ni jambo dogo.

Sasa hebu jiulize: kijana wa hapa kwetu hupimwa hepataitisi B lini?

Kwanza, akichangia damu. Damu hiyo inapimwa ili kumlinda atakayeongezewa, na ni sawa kabisa. Lakini wewe uliyetoa, nani alikutafuta akakupa majibu?

Pili, akitafuta kazi Ghuba. Hepataitisi B ni miongoni mwa magonjwa yanayofanya cheti chako cha afya kiandikwe kwamba hufai. Umeuza mbuzi, umepanda basi hadi Nairobi, umelipa ajenti, kisha unaambiwa hufai na mlango unafungwa. Hakuna wa kukueleza una nini, uende kwa daktari gani, au mkeo apewe chanjo wapi.

Tatu, mkimbizi akipata nafasi ya kuhamia Marekani. Mwongozo wa afya wa kule unataka apimwe akifika. Huyu angalau anapata daktari. Lakini mbona mtu aishi Kakuma miaka 15, azae watoto hapo, halafu aje kujua hali ya ini lake akiwa Minnesota? Lazima mtu apande ndege ndio afya yake ihesabiwe?

Mnaona mpango ulivyo. Mwenye kupokea damu analindwa, mwajiri analindwa, nchi ya ugenini inajilinda. Mwenye damu anabaki gizani.

Wakubwa watatujibu kwamba chanjo ipo. Ndio, ipo. Kenya iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2001. Lakini aliyezaliwa kabla ya hapo ilimpita. Na Kakuma je? Kambi ilianza 1992, na watu bado wanaingia. Somalia ilianza kutoa chanjo hii kwa watoto 2013, Sudan Kusini 2014. Kijana wa miaka 18 aliyekuja kutoka huko akiwa mkubwa, nani alimchanja?

Halafu kuna suala la mtoto mchanga. Ratiba tuliyoizoea inaanza wiki ya 6. Lakini mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na katika watoto 100 wanaoambukizwa wakati huo, karibu 90 watabaki na virusi kwa muda mrefu. Wiki ya 6 ni kufunga boma baada ya fisi kuingia. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linasema kila mtoto apate sindano ya kwanza ndani ya saa 24. Kwa mama anayejifungulia nyumbani mbali na kituo, hilo halitawezekana mpaka mhudumu wa afya wa jamii apewe chanjo na usafiri.

Na dawa? Dawa inayotumika sana ni tenofovir. Hiyo hiyo imo ndani ya kidonge cha VVU ambacho mgonjwa wa VVU anapewa bure, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini mwenye hepataitisi B peke yake mara nyingi anaambiwa akanunue. Dawa moja, wagonjwa wawili, mmoja ana mfadhili na mwingine hana. Hiyo ni dhulma, tuite kwa jina lake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya afya kila mtu. Haikusema kila raia. Mturkana wa Lodwar na mkimbizi wa Kakuma, wote wamo.

Lakini na sisi tujisemee. Dini imetufundisha kulinda nafsi na kutafuta tiba, kwa hivyo tuache kusema "ni qadari" huku tumekaa. Anayefanya hijama atumie wembe mpya kwa kila mtu, bila mjadala. Vilevile kwenye kutahiri na kunyoa. Kabla ya nikah, wachumba wapime pamoja na VVU. Mmoja akiwa nayo, si sababu ya kuvunja ndoa: mwenzake achanjwe. Na ukijua ndugu yako anaishi nayo, usimtoe kwenye sinia ya futari. Haiambukizwi kwa kula pamoja, kwa kupeana mkono wala kwa kusimama naye safu moja. Inapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto.

Tunadai nini kwa serikali ya kaunti, wizara na mashirika ya kambini?

1. Kipimo cha bure, na majibu apewe mwenye damu kwa siri na kwa heshima.
2. Chanjo kwa watu wazima waliokosa, raia na wakimbizi.
3. Sindano ya mtoto ndani ya saa 24.
4. Dawa bure kwa kila ambaye daktari ameona anaihitaji.

Kila tarehe 28 Julai, Siku ya Hepataitisi Duniani, tutaletewa fulana na hotuba. Mwaka huu ukiona kiongozi ameshika maikrofoni, muulize mbele ya watu: vipimo viko wapi? Na usiondoke mpaka akujibu.

Maimamu watupe dakika tano baada ya Ijumaa. Vijana watafanya kazi iliyobaki, inshaAllah.